Sabuni Nyembamba ya Josette

Jumatatu, 9 Machi 1987

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja hata mmoja. Nimekaa kwenye varanda ya duka na cherehani ya marehemu mume wangu Aristides, nimeifunika nailoni. Yeye alikuwa anaifunika kwa koti lake, halafu anatetemeka mwenyewe.

Saa nne Bwana Navnit, mwenye duka, akanichungulia dirishani. Fundi, wewe ulikaa Bujumbura, si ndiyo? Ndiyo, miaka saba. Basi Kifaransa unajua! Nikamwambia najua cha saluni na cha sokoni, cha kitabuni sijui. Akapiga meza: hicho hicho ndicho anachotaka.

Kumbe amepewa uwakala wa sabuni mpya ya kutoka Bujumbura. Jina lake Josette. Ziko aina tano, na kila moja ina neno moja kubwa kwenye karatasi yake, la Kifaransa, lile la vijana. Wanataka kuiuza huku kwetu Bukoba na Uganda, kwa hiyo wanataka maneno hayo kwa Kiingereza. Nikauliza kwa nini si Kiswahili. Akacheka. "Sabuni ya kunukia kwa Kiswahili nani atanunua? Ya kufulia, sawa."

Basi tumepangwa hivi: mimi namweleza binti yake Padma kwa Kiswahili, Padma anaandika Kiingereza. Amemaliza Form Four Nairobi, Kiingereza chake kinapita puani. Kaka yake Yashwant angeweza pia, lakini yuko huko Nairobi kwa mjomba wao, anatibiwa kifua.

Kabla yangu walishajaribu kwa kamusi ya kuazima parokiani. Neno la kwanza, chouette. Kamusi inasema ni bundi! Bwana Navnit ametoa macho: "Sabuni ya bundi! Mhaya gani atajipaka bundi?"

Nilicheka mpaka machozi. Ni kweli ni bundi. Lakini kwa wasichana wa Bujumbura chouette ni kitu kinachokupendeza tu, bila sababu kubwa. Gauni chouette. Jumapili chouette. Padma akaandika Lovely, akaniuliza kama inatosha. Nikasema mimi sijui, kama wewe ukilisoma unatabasamu basi inatosha. Akatabasamu.

Sijacheka hivyo tangu Oktoba. Baadaye niliona aibu kidogo.


Jumanne, 10 Machi

Neno la pili, costaud. Ni la sabuni ya mche, ya kufulia. Nikamweleza Padma: mtu wa miraba minne, mwenye kifua, ukimpa gunia anabeba. Akaandika Tough. Tough ni nini? Akafikiri. "Kama nyama ambayo haijaiva." Basi sawa.

Sikumwambia kwamba Aristides alikuwa akiniita hivyo. Ma costaude! Siku ile nilipotoka soko la Buyenzi na gunia la mchele kichwani, peke yangu, yeye anakuja nyuma amebeba mwavuli.


Jumatano, 11 Machi

Leo tumekwama. Neno ni canon. Mimi nalijua moja tu: mzinga. "Ngozi mzinga", ndivyo ilivyoandikwa. Padma akanitazama, mimi nikamtazama.

Niliondoka Bujumbura mwaka sabini na nane. Labda vijana wametengeneza jipya. Mchana nikaenda sokoni kwa yule mama Mrundi anayeuza vitenge. Alinicheka! "Mama, umezeeka! Canon ni mtu ambaye akipita, wewe unaanguka." Nikarudi na jibu hilo. Padma akaruka: Smashing! Maana yake? Kuvunjavunja.

Bwana Navnit akashika kichwa. "Mfaransa anapiga mzinga, Mwingereza anavunja. Hawana neno la amani hawa watu?"

Tumecheka wote. Lakini neno lenyewe limekaa nami mchana kutwa. Wakati wa vita vya Amin mizinga ya Kyaka ilisikika hadi kwetu Ijumbi, au tulidhani tunasikia. Kaka yangu Yoeli alikwenda na mgambo, amevaa viatu vya Aristides kwa sababu vyake vilikuwa vimeachana. Vilikuwa vikubwa, tulivijaza magazeti mbele. Hakurudi yeye wala viatu. Aristides hakuvidai hata kwa mzaha. Na alikuwa mtu wa mzaha.


Alhamisi, 12 Machi

La nne jepesi: mignonne. Padma alilijua mwenyewe. Cute.

La tano. Sabuni yenyewe ni ndogo, nyembamba kama kitana, ya kuweka mkobani. Neno lake: mince. Padma akalisoma Kiingereza, akapiga kelele kwamba ni nyama ya kusaga! Mama yake, Induben, ambaye hata yai haliingii jikoni kwake, akatoka na sinia la dengu kuuliza nani ametaja nyama.

Tukamtuliza. Nikamweleza Padma: mwembamba. Si kukonda, hapana. Mwembamba wa uzuri, mwenye kiuno. Wasichana wa saluni walikuwa wanajinyima mkate ili waambiwe neno hilo.

"Oh! Slim."

Akaliandika kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini. Anasema ni neno zuri kuliko yote matano. Kwenye magazeti ya Nairobi liko kila ukurasa.

Nilikuwa nashona kifungo. Mkono ukasimama.

Mimi neno hilo silijui kwa magazeti. Lilikuja na malori ya Masaka, kupitia Mutukula. Hapa kwetu mwanzoni tulikuwa tunasema Juliana, kwa ajili ya vile vitambaa vya magendo vyenye jina hilo. Watu walisema wafanyabiashara wake ndio wanaokonda. Halafu wenzetu wa Uganda wakatuletea lao: Slim. Mtu akisema fulani ana Slim, waliokaa wanatazama miguu yao.

Padma ametoka shule moja kwa moja hadi ndani ya nyumba hii. Atalijulia wapi?

Nikasema, labda utafute jingine. Kwa nini? Nikasema si zuri tu. "Mama Koku! Na wewe umeanza kujua Kiingereza!"

Induben alikuwa bado mlangoni na dengu zake. Akanyanyua uso, akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha akaendelea kuchambua.

Nikarudi kwenye kifungo changu.


Ijumaa, 13 Machi

Nimekuja kazini nimejipanga. Sentensi ni fupi: Padma, neno hilo huku ni ugonjwa wa kukonda. Basi. Mji mzima unajua, si siri yangu.

Lakini kinywani mwangu inakuwa nyingine. Mimi ni mjane wa miezi mitano. Bwana Navnit nilimwambia kichomi, wiki mbili, amekwisha. Alitikisa kichwa akanipa sanda. Nikilitaja neno lile mbele yao wataanza kuzipima zile wiki mbili. Kisha nani ataniletea gauni la mwanawe nimpimie kwa mikono hii? Mwaka jana fundi viatu wa mtaa wa pili alipouguliwa na mke, watu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Hawakumtukana. Walipita tu. Aliondoka mwenyewe.

Bila varanda hii sina kazi, na binti yangu Kokuhirwa hana shule.

Nilipofika, Padma alikuwa ameshafunga bahasha. Dereva wa lori la Burundi alikuwa anakunywa chai akiingoja. Nikakaa kwenye cherehani yangu.

Nimeshona mifuko minne ya suruali, yote upande usio wake. Nimefumua yote.


Jumapili, 15 Machi. Ijumbi

Nimekuja kumwona Kokuhirwa na bibi yake. Misa ya pili. Kibanja kimependeza, kahawa imetoa maua, harufu yake inaingia hadi chumbani. Kaburi la Aristides limeota majani, tumeyang'oa watatu bila kuzungumza. Kokuhirwa amepanda ua ambalo kuku watalifukua kesho.

Nikamweleza mama mkwe, Ma Klaudia, habari ya sabuni. Alikuwa anamenya ndizi. Akauliza: kwani ni wewe uliyeandika? Hapana. Ni wewe uliyetuma? Hapana. "Basi waache Wahindi na sabuni yao."

Nikasema najua, lakini yule msichana ni mwema, atachekwa.

Akaweka kisu. "Joviana, waitu. Tulisema wiki mbili. Ukiongeza hata siku moja, zilizobaki watajiongezea wenyewe. Mimi nina mjukuu wa kuolewa."

Aristides alianza kuugua Januari, baada ya Epifania. Alizikwa Oktoba. Mimi na Ma Klaudia ndio tunaojua miezi yote kumi, maana tuliipokezana. Majirani waliona mlango umefungwa, tukasema yuko safarini, amekwenda kutafuta cherehani ya pili Mwanza. Mtu wa mzaha yule! Kutoka kitandani alisema: nikirudi kutoka Mwanza niwaletee nini?


Jumanne, 24 Machi

Katoni za kwanza zimefika, na ni za ile ya tano peke yake. Nyingine zinafuata mwezi ujao. Karatasi bado ni za Kifaransa. Za Kiingereza zitachapwa Bujumbura baada ya Bwana Navnit kuona biashara inakwendaje huku. Kwa hiyo ameamua ukuta wote wa pembeni, unaotazama barabara, uwe tangazo.

Kagaruki mchora mabango amekuja na ngazi yake. Akapewa karatasi. Aliisoma, akaisoma tena, akasema: tajiri, neno hili hili? Bwana Navnit akamwambia hilo hilo, tena kubwa. Jekundu.

Alimaliza saa tisa:

JOSETTE SLIM. GET YOURS TODAY!

Herufi ndefu kuliko Kokuhirwa. Kagaruki akashuka, akapita kwenye cherehani yangu anafuta vidole. "Fundi, mimi napaka tu," akasema. Sikuwa nimemwuliza kitu.

Kumbe hata yeye. Naye amenyamaza.


Jumatano, 25 Machi

Watu wamejaa! Tangu saa mbili. Wapagazi wa bandarini, wanafunzi, akina mama wa sokoni wenye vikapu. Mmoja anamsomea mwingine, anamtafsiria, kisha kicheko.

"Pata yako leo!"

"Mimi nimeshapata ya shemeji yangu!"

"Zamani tulikuwa tunapewa bure. Sasa Muhindi anauza!"

"Ina harufu?"

"Jaribu utatuambia. Kama utakuwepo."

Mama mmoja hakucheka. Alimshika mtoto wake mkono, akavuka barabara.

Na Bwana Navnit amesimama mlangoni anang'aa. "Ona, fundi! Ona nguvu ya tangazo!" Anasema Kihaya chao kinampita, lakini anaona wamefurahi. Akaagiza chai, na mimi nikaletewa.

Nikainywa. Mungu anisamehe, niliinywa.


Ijumaa, 27 Machi

Hakuna aliyenunua. Hata kipande kimoja. Anayeingia kununua chumvi anaitazama rafu ile kwa mbali.

Mchana Ta Protase, mwenye duka Muleba, amerudisha katoni zake sita, hazijafunguliwa. Kwa Bwana Navnit alisema watu wa Muleba wana ngozi kavu, sabuni hii haiwafai. Bwana Navnit akabaki anamtazama. Mtu ana ngozi kavu wilaya nzima?

Alipotoka akasimama kwangu, akaongea Kihaya, polepole. Mke wake amekataa katoni zisilale ndani ya nyumba, zimelala kwenye banda la mbuzi. Halafu akainama kama anayetazama kitambaa. "Joviana, wanasema neno hilo limetoka kwako. Wanasema mjane wa Aristides ndiye aliyempa Muhindi."

Nikauliza, nani anasema?

"Watu."

Na wewe Ta Protase, ulisemaje?

Akavuta pumzi. "Nilisema Aristides alikufa kwa kichomi." Kisha akaniuliza, bila kunitazama: "Ilikuwa kichomi, siyo?"

Nikamwambia ndiyo. Wiki mbili.


Jumatatu, 30 Machi

Mama Adventina amekuja kuchukua gauni la Pasaka la binti yake. Halijaisha, bado mikono. Akasema haidhuru, atamalizia mwenyewe. Hana cherehani yule.

Mchana amekuja mwingine. Vilevile.

Padma amekaa kwenye kigoda karibu nami, macho mekundu. Baba yake amemwambia ameandika Kiingereza kibovu, ameharibu biashara. Ameleta gazeti lake la Nairobi anionyeshe: slim hapa, slim hapa, slim hapa. "Ni neno zuri, Mama Koku. Si ulisema mwembamba wa uzuri? Niliandika ulichosema."

Nikasema uliandika sawasawa.

"Basi kwa nini wanacheka?"

Nikasema sijui.

Akaniamini. Aliinuka akaniletea glasi ya maji, kwa sababu aliona nimekohoa.


Alhamisi, 2 Aprili

Naandika hili taratibu.

Yashwant amerudi Jumapili. Nimesikia tu, sijamwona. Gari liliingizwa hadi uani, mlango ukafungwa. Kabla ya kuugua ndiye aliyekuwa anakwenda na mizigo Masaka na Kampala, kila mwezi mara mbili. Kijana wa kupiga honi, wa kuita watu wote mjomba.

Leo Induben amenitolea suruali tatu. Za kitambaa kizuri, mimi mwenyewe nilizishona mwaka juzi, kiuno inchi thelathini na nne. "Fundi, hii punguza." Nikauliza kwa kiasi gani, aje apimwe? Akasema hapana, analala. Akanipa uzi mwekundu ambao ameukata yeye mwenyewe kwa kipimo. Nikaulaza kwenye futi yangu.

Ishirini na saba.

Mtu asiye fundi hajui. Suruali ukiipunguza inchi mbili, unakula mshono wa nyuma. Inchi nne, unafumua na pembeni. Inchi saba, mifuko ya nyuma inakutana, inakaa kama macho yaliyokaribiana, na hakuna fundi duniani anayeweza kuificha. Nimeshafanya hivyo. Februari, Juni, Agosti. Mara ya tatu Aristides aliigeuza suruali akaitazama, akasema: fundi wangu, sasa nimebakiwa na mfuko mmoja.

Nilinyanyua uso. Induben alikuwa hajaondoka. Anatazama mikono yangu kwenye uzi ule.

Nikasema, kesho zitakuwa tayari, Mama Padma.

Akasema, "Taratibu tu."

Sasa naielewa siku ya dengu. Alilisikia neno, akalijua. Alinyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Tulimwacha msichana akalipeleka ukutani.


Jumapili, 5 Aprili

Sikwenda Ijumbi. Nimetuma salamu na sukari kwa basi. Kanisani padri amehubiri juu ya Lazaro. Karibu yangu kwenye benchi kulikuwa na nafasi ya watu wawili, na kanisa limejaa.


Jumatatu, 6 Aprili

Simu ya upepo kutoka Bujumbura. Kesho jioni mashine zinaanza kuchapa karatasi za Kiingereza, zote tano, za Tanzania na za Uganda. Bwana Navnit akikaa kimya watajua amekubali.

Bwana Navnit si mjinga. Amesimama nje leo, amemshika mpagazi mmoja mkono kirafiki: bwana, niambie, mnacheka nini? Yule akasema tunafurahia rangi. Akamshika wa pili. Naye rangi.

Akarudi ndani. "Miaka arobaini nimekaa Bukoba," anasema. "Nimezaliwa hapa. Hakuna mtu wa kuniambia?"

Nilikuwa umbali wa hatua mbili. Nakanyaga mashine.


Jumanne, 7 Aprili

Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa kwenye cherehani, daftari juu ya kitambaa.

Kagaruki ameitwa. Yuko juu ya ngazi na ndoo ya chokaa, anangoja aambiwe afute au aache. Bwana Navnit akatuita mimi na Padma mbele ya kaunta. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mji wote unacheka, mimi peke yangu sijui mzaha. Jioni wanachapa. Fundi, maneno yalipita kwako. Neno hili lina nini?"

Padma ananitazama. Amevaa lile gauni la maua nililomshonea.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ulimi ulikuwa umeshagusa meno.

"Joviana!" Ni Induben, kutoka jikoni. "Kuja hapa kwanza."

Miaka yote kwake mimi ni fundi. Sikudhani analijua jina langu.

Akafunga mlango nyuma yangu. Jikoni kuna sufuria tatu za vyakula vilivyokwisha kupikwa, zote zimejaa. Wali uliopondwa. Maziwa. Mchuzi wa dengu uliochujwa. Akasimama mbele ya sufuria hizo kama mtu anayeonyesha vitu vilivyoharibika.

"Bwana yako," akasema. "Ile wiki mbili. Alikuwa nakula nini?"

Nikazitazama sufuria.

Akashika koo lake kwa vidole viwili. "Kitu inapita hapa. Yashwant yote narudisha. Maziwa narudisha. Maji narudisha. Mdomo iko vidonda. Daktari ya Nairobi nasema mpe chakula laini. Laini gani? Laini iko nyingi!"

Halafu akasema tena, polepole, "ile wiki mbili," kama mtu anayekusogezea kiti. Ameniachia wiki zangu. Hataki nimwambie kitu ambacho sitaki. Anataka chakula tu.

Akavua karatasi ya kipande kimoja cha Josette, akaigeuza upande mweupe, akanipa na penseli. Niandike, yeye atasahau. Wiki ya kwanza nini. Wiki ya pili nini.

Nimetoka nayo. Nimekaa. Bwana Navnit amenifuata hadi mlangoni, anangoja jibu. Padma anaita: Mama Koku, Kagaruki anauliza, chokaa inaganda! Nikamwambia asubiri kidogo.

Ninaweza kuandika wiki mbili. Mistari miwili, uji na mchuzi wa samaki. Na nyumba hii samaki hawali. Induben atapika uji, kijana atarudisha, na mimi nitabaki na varanda yangu.

Lakini sivyo ilivyokuwa. Kilichopita kooni mwanzoni, mwezi wa nne hakikupita tena. Kuna wakati wa ndizi mbivu zilizochemshwa na kupondwa, na kuna wakati hata hizo ni moto mdomoni. Kuna mwezi mzima tuliokosea kwa kumpa maziwa mabichi kabla Ma Klaudia hajajaribu mgando. Kuna uji wa ulezi unaochujwa kwa kitambaa mara tatu, wa baridi, kwa kijiko cha mtoto, ameketi, asilazwe. Hayo hayaenei kwenye wiki mbili. Hata nikiyabana vipi hayaenei.

Induben amekuja mlangoni pia. Anasoma Kiswahili polepole, kwa kidole, lakini anasoma.

Nimeandika juu kabisa ya karatasi: Januari. Ndipo alipoanza.

Ameinama begani kwangu. Kidole chake kiko juu ya neno. Padma naye anakuja, anafuta mikono kwenye gauni, anauliza tunaandika nini.